Kompyuta Isiyo na Jana: Historia ya Kumsaka Kifaa Kibovu katika Mashine Mpya

Kompyuta iliyofanya kazi jana ikagoma leo humpa fundi mahali pa kuanzia, kwa kuwa lazima kuna kitu kilichobadilika kati ya siku hizo mbili, iwe ni umeme uliokatika ghafla, vumbi lililoziba feni au programu iliyowekwa usiku. Lakini kompyuta ya mezani iliyounganishwa kwa mara ya kwanza haina jana. Prosesa, yaani chipu inayotekeleza amri zote; ramu, ambayo ni kumbukumbu ya muda; ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi na ndio unaovibeba vifaa vingine; pamoja na pawasaplai inayougeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo, vyote huwa havijawahi kukutana, na mkono uliovikutanisha ni mtuhumiwa sawa na vyenyewe. Kwa sababu hiyo, historia ya kutambua ubovu katika mashine mpya ni historia ya kutafuta shahidi mmoja wa kuaminika miongoni mwa watuhumiwa.

Tatizo hili lina umri sawa na kompyuta zenyewe. ENIAC, iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuonyeshwa hadharani Februari 1946, ilikuwa na vali zipatazo 18,000, yaani vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa na kufanya kazi ya swichi, na kufa kwa vali moja tu kulitosha kuharibu hesabu. Ilipobainika kwamba vali nyingi hufa zinapopashwa moto na kupoa, mashine ikawa haizimwi ovyo, na kasi ya kufa kwa vali hatimaye ikashuka hadi takriban moja kila siku mbili. Huko MIT, kundi la Jay Forrester lililounda kompyuta ya Whirlwind lilikwenda mbali zaidi, likawa linapandisha na kushusha volti kwa makusudi huku programu ya majaribio ikiendelea, ili vali iliyodhoofika ianguke mbele ya fundi badala ya kuanguka katikati ya kazi. Ni vigumu kutaja mbinu ya baadaye iliyoizidi hiyo kwa werevu, kwani haikungoja ubovu ujitangaze.

Kompyuta za kujiundia nyumbani zilipata umaarufu mwaka 1975, kampuni ya MITS ya Albuquerque ilipotangaza Altair 8800 kwa dola 397 kama furushi la vipande ambavyo mnunuzi alivilehemu mwenyewe. Mashine hiyo haikuja na kioo wala kibodi, ila safu za swichi na taa ndogo nyekundu upande wa mbele, na aliyetaka kujua kama kumbukumbu yake ya baiti 256 ilikuwa nzima alipanga namba kwa swichi, akaiweka katika anwani fulani, kisha akaiita tena na kutazama kama taa zilizowaka ni zilezile. Taa moja ikikataa kuwaka, mkosaji angeweza kuwa chipu, lakini angeweza pia kuwa tone la risasi lililovuka kutoka mguu mmoja wa chipu hadi wa pili, na hapo mjenzi alirudi kwenye kazi ya mikono yake akiwa na kioo cha kukuzia.

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981, kazi hiyo ya kuuliza na kujibu ilitiwa ndani ya chipu ya kudumu kwa jina la POST, yaani jaribio ambalo mashine hujifanyia kila inapowashwa. Jaribio lilianza na prosesa, likaenda kwenye chipu yenyewe iliyolibeba, likagusa saa na kumbukumbu, ndipo likafika kwenye kioo. Na mpangilio huu una mantiki, kwa kuwa kila hatua iliegemea ile iliyokwisha kuthibitishwa. Udhaifu wake ulikuwa mwanzoni: prosesa ikiwa mfu kabisa, hakuna wa kusema kwamba imekufa. Kioo kilipokuwa hakijaamka, spika ndogo ndiyo iliyosema, mlio mmoja mfupi ukiwa salamu ya heri, na mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ukiishtaki kadi ya picha.

Kioo kikishaamka, ushahidi ulikuwa wa kina cha kushangaza. Ujumbe wa 201 ulimaanisha hitilafu ya kumbukumbu, na tarakimu nne zilizoutangulia zilitaja mahali: mbili za kwanza safu ya chipu, mbili za mwisho biti yenyewe. Kila safu ilikuwa na chipu tisa, nane za data na moja ya ukaguzi, kwa hiyo fundi aliyesoma 04 mwishoni alijua kuwa ni ile ya biti ya tatu, akaing'oa kwa bisibisi na kuchomeka nyingine, isipokuwa kama ilikuwa katika safu ya kwanza, ambayo ilikuwa imelehemewa. Mashine za leo, zenye kumbukumbu kubwa mara nyingi mno, kwa kawaida haziwi wazi kiasi hicho.

Kompyuta za kuiga IBM zilipoenea, lugha ya milio ilivurugika, kwa kuwa kila mtengenezaji wa programu ya kuanzia, iliyobeba jaribio hilo, alitunga yake. Mlio mmoja uliokuwa salamu kwa IBM uliorodheshwa na AMI, mmojawapo wa watengenezaji hao, kuwa dalili ya kushindwa kuhuisha kumbukumbu. Nafuu ilitokana na kompyuta ya IBM AT ya mwaka 1984, iliyokuwa ikituma namba ya kila hatua kwenye mlango wa ndani unaoitwa 80h, na ndipo zikatokea kadi za kuchomeka zenye tarakimu mbili za taa, ambazo huganda kwenye hatua iliyokwama.

Mkono wa mjenzi nao haukukosa historia yake. Nyaya za umeme za kizazi cha AT zilikuja kwa vichomeko viwili vilivyofanana, P8 na P9, na mwanagenzi alifundishwa kwamba nyaya nyeusi sharti zikutane katikati, kwani kuvibadilisha nafasi kuliweza kuiunguza bodi mpya kabla haijatoa mlio wowote. Mpangilio wa ATX wa mwaka 1995 ulileta kichomeko kimoja kisichoingia kinyume, lakini miaka michache baadaye prosesa ikapewa waya wake pembeni, ambao hadi leo husahaulika, na feni huzunguka huku kioo kikibaki cheusi.

Bodi nyingi za sasa zimeacha spika zikaweka taa nne ndogo, za prosesa, ramu, picha na diski. Taa ya ramu, hata hivyo, humdanganya asiyejua, kwa kuwa kumbukumbu ya aina ya DDR5 hupimwa na kurekebishwa inapowashwa mara ya kwanza, kazi inayoweza kuchukua dakika kadhaa, taa ikiwaka na kioo kikiwa kimya; na mjenzi anayeizima mashine kabla ya muda huo huianzisha upya kazi yote, akashuhudia ubovu uleule kila anapojaribu, kisha akaifunga kwenye boksi ramu iliyo nzima ili airudishe dukani.