Shingo ya mjomba na masharti matano

Leo naacha msimbo kidogo, ingawa mtaona sijaenda mbali.

Mwezi uliopita mjomba alianguka kutoka kwa bodaboda hapa Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa. Nilimkuta hospitalini amelala chali, tabibu akimbonyeza mifupa ya shingo. "Mzee, hapa panauma? Mikono ina ganzi? Umekunywa chochote leo?" Mjomba alikasirishwa na swali la pombe. Mimi nilisikia programu ikiendeshwa.

Nikaitafuta asili yake. Miaka ya 1990 huko Marekani, watu wengi mno walioletwa baada ya ajali walipigwa eksirei ya shingo, na nyingi hazikuonyesha kitu. Jerome Hoffman na wenzake wakapima masharti matano katika hospitali 21: shingo haiumi katikati kwa nyuma, hakuna dalili za neva, akili ni timamu, hajalewa, hana jeraha jingine kali la kumsahaulisha shingo. Yote yakitimia, picha haihitajiki. Matokeo yalitoka 2000. Kati ya wagonjwa 34,069, walioumia shingo walikuwa 818, na masharti yakanasa 810. Sijawahi kuandika programu yenye rekodi hiyo, jamani.

Mwaka 2001 Ian Stiell wa Canada akaleta kanuni nyingine. Yeye anaanza na umri: miaka 65 na zaidi, piga picha, hata kama haumwi.

Picha gani sasa? Eksirei hukosa baadhi ya nyufa, hasa kwenye mifupa ya wazee. Mashine ya CT, ambayo Godfrey Hounsfield aliitumia kwa mgonjwa wa kwanza London 1971, hupiga vipande vipande na kuiachia kompyuta kazi ya kuviunganisha. Kufikia 2009 mwongozo wa madaktari wa majeraha wa Marekani ulisema CT ichukue nafasi ya eksirei kwa watu wazima wanaohitaji picha ya shingo. Kwao ni suala la chumba cha pili. Kwetu ni gari, mafuta na saa kadhaa barabarani na shingo ambayo huna hakika nayo.

Mjomba alipita masharti yote matano. Nilishaanza kutafuta viatu vyake turudi nyumbani.

"Mzee, una miaka mingapi?"

"Sitini na saba."

Tabibu akaandika rufaa ya CT. Tuliondoka jioni, mjomba amefungwa kola, akilalamika njia nzima kwamba hajalewa. Picha haikuonyesha ufa wowote.