Mgao wa Samaki na Kalamu ya Historia

Huwaambia wanafunzi wangu kwamba historia haikai vitabuni pekee; wakati mwingine hukaa katika jedwali la asilimia. Chukua mfano wa gayogayo wa kiangazi, samaki bapa wa pwani ya mashariki ya Marekani.

Mwaka 1993, mgao wa kibiashara wa samaki huyo uligawanywa baina ya majimbo 11, kuanzia Maine hadi North Carolina. Kipimo kilikuwa kiasi ambacho kila jimbo lilirekodi kupokea bandarini kati ya 1980 na 1989. North Carolina ikapata takriban asilimia 27.4, Virginia 21.3, New York 7.6. New Hampshire haikufikia hata sehemu moja ya mia ya asilimia.

Ili kulegeza ugumu huo, majimbo yaliruhusiwa kuhamishiana mgao kwa idhini ya serikali kuu. Utaratibu huu una manufaa. Mchanga unapoziba mlango wa Oregon Inlet, meli za North Carolina hulazimika kushusha samaki Virginia, na mgao huwafuata huko.

Lakini uhamisho ni wa mwaka huo tu; asilimia za msingi hazibadiliki. Hisani ya jirani si haki. Samaki walipozidi kuonekana kaskazini, New York ilibaki na sehemu yake ndogo, na mwaka 2019 ikaenda mahakamani. Kanuni mpya ya 2021 iligusa ziada tu, yaani kiasi kinachozidi ratili milioni 9.55. Chini ya kiwango hicho, muongo wa 1980 bado unatawala.

Jambo hili latuhusu. Tangu 2011, wanachama wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, Kenya na Tanzania miongoni mwao, wamekuwa wakijadili vigezo vya kugawana jodari. Swali gumu ni hili: samaki waliovuliwa na meli za kigeni ndani ya maji yetu wahesabiwe kwa nani, mwenye bendera au mwenye maji? Tukiikubali historia ya uvuvi bila kuuliza nani alikuwa na meli na nani alishika kalamu, tutabaki kuomba kuhamishiwa kilichotoka baharini kwetu. Wahenga walikwisha kutuonya: mtegemea cha nduguye hufa maskini.