Enzi za kuuza masta Kariakoo: Wimbo wako, karatasi ya mwenzako

Ukipita Mtaa wa Aggrey leo ni simu, kava na chaja mwanzo mwisho. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kariakoo ndiyo ilikuwa YouTube ya Bongo. Kanda yako isipoingia kwenye maduka ya wasambazaji pale, mikoani hakuna anayekujua, hata kama Dar unajaza ukumbi.

Na ni hapohapo wasanii kibao walipoachia nyimbo zao. Wengi hawakuibiwa usiku. Walisaini wenyewe, mchana kweupe.

Turudi nyuma kidogo. Enzi za bendi, miaka ya 70 na 80, studio ya maana ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi inaingia, inarekodi, utepe unabaki redioni. Waliotaka santuri walifunga safari mpaka Nairobi. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1966, ila hapakuwa na chombo cha kukusanya mirabaha na kuigawa kwa watunzi. Mwanamuziki aliishi kwa mshahara wa bendi na viingilio vya ukumbini. Wimbo ukipigwa redioni miaka ishirini, yeye anapata sifa tu.

Mwaka 1994 redio na TV binafsi zikaanza kuingia hewani. Studio za mtaani nazo zikaongezeka, Bongo Fleva ikapanda. Sasa kijana ana albamu, lakini hana mashine ya kudurufu kanda wala hela ya kuzisambaza. Mwenye navyo ni msambazaji wa Kariakoo, yule mtaani wanamwita mdosi.

Dili lilikuwa hivi. Msanii anapeleka masta. Mdosi anasikiliza nyimbo mbili tatu, anataja bei. Hela inatolewa kwa mkupuo, mkataba unasainiwa, kwisha. Kanda zikidurufiwa elfu tano au elfu hamsini, msanii hana pa kuhesabia. Kijana wa miaka ishirini anayedaiwa kodi ya chumba hakuwa na muda wa kusoma ukurasa wa tatu. Kuna waliokuja kushtuka baadaye kwamba hawakuuza kanda tu, waliuza wimbo wenyewe.

Tuwe wakweli pia: mdosi naye aliingia hasara. Kanda feki zilikuwa zinauzwa mita chache tu kutoka dukani kwake, na albamu ikibuma, hela yake ndiyo imekufa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na karatasi. Msanii alikuwa na kumbukumbu.

Kumbe sheria mpya ilishapita. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, ndiyo iliyoleta COSOTA. Na hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo mpaka leo. Kwa sheria hiyo, kazi inakuwa yako tangu ulipoitunga. Huhitaji muhuri wa mtu ili wimbo uwe wako. Haki hiyo inadumu maisha yako yote, na miaka 50 baada ya kufa kwako. Yaani ni urithi wa watoto na wajukuu, kama kiwanja.

Sasa kusajili ni kwa ajili ya nini? Ushahidi. Siku mkibishana nani katunga, wewe unaonyesha jina lako na tarehe. Usajili pia unawezesha hela za redio na kumbi zikigawiwa, zikufikie wewe.

Mwaka 2013 TRA ilileta stempu za kodi kwenye kanda na CD za muziki na filamu. Angalau nakala halali zingehesabika. Tatizo ni kwamba wakati huo watu walishahamia kwenye memori kadi. Unampa kijana wa kibandani buku, anakujazia nyimbo mia. Stempu ungebandika wapi?

Halafu ikaja 2016. Mahakama ya Wilaya ya Ilala, wilaya hiyohiyo yenye Kariakoo, iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe wasanii wawili wa Bongo Fleva zaidi ya shilingi bilioni 2.1. Nyimbo zao mbili zilitumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Kampuni ikakata rufaa, lakini mtaani ujumbe ulishafika: wimbo ni mali, na unaweza kuutetea mahakamani.

Januari 2022, COSOTA iligawa zaidi ya shilingi milioni 300 za mirabaha kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Ukigawanya kwa vichwa, si hela ya kununua gari. Ila kwa aliyetoka enzi za masta, kulipwa kwa wimbo uliotoka zamani ni habari kubwa.

Wadosi wa kanda wamepotea, ila mchezo haujaisha. Leo mdosi anaweza kuwa mshkaji aliyekufungulia chaneli kwa imeili yake, au prodyuza mliyekubaliana kwa mdomo tu nani anamiliki biti. Ngoma ikihiti, kila mtu anakumbuka kivyake.

Wimbo wako wa mwisho kuurekodi: karatasi yake iko kwa nani?