Njia ya Hewani na Njia ya Miguu: Habari za Musoma na Butiama

Mtu akikuuliza Musoma ni mbali gani na Mwanza, mwulize naye kwanza: kwa njia ipi? Hewani ni yapata kilomita 150 tu. Kwa barabara ni zaidi ya 200, kwa kuwa Ghuba ya Speke yaingia ndani ya nchi, na barabara hulazimika kuizunguka kwa kupita Magu na Bunda. Ndege haijui ghuba.

Safari za eropleni zilifika upande huu wa ziwa katika mwaka wa 1931. Kampuni ya Imperial Airways ilipeleka barua kutoka Croydon, karibu na London, tarehe 28 Februari, nazo zikafika Mwanza tarehe 10 Machi. Hazikuja kwa chombo kimoja; zilihamishwa njiani mara kadha wa kadha. Kuanzia Khartoum zilichukuliwa na ndege ya majini iitwayo Calcutta, yenye injini tatu na tumbo mfano wa mashua, iwezayo kutua juu ya maji. Basi ziwa lenyewe likawa kiwanja chake, wala haukukatwa mti hata mmoja.

Kutoka Kisumu hata Mwanza ni kama maili 210, na mtu akipiga mstari ulionyooka katika ramani ataona wapita juu ya maji, magharibi kidogo ya Musoma. Mwendo wa Calcutta ulikuwa karibu maili 100 kwa saa. Saa mbili na kidogo, basi, maana upepo nao una amri yake. Lakini tangu Januari 1932 safari ziliendelezwa mpaka Cape Town kwa njia ya Nairobi na Dodoma, na Mwanza ikaachwa kando.

Sasa tutazame nchi iliyokuwa chini ya njia hiyo. Katika mwaka wa 1934 mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliyezaliwa mwaka 1922, alitolewa Butiama kwenda kusoma shule ya Mwisenge, Musoma. Jina lake Julius Nyerere. Mwendo ule ni kama maili 26. Calcutta ingaliumaliza kwa robo saa; mwenda kwa miguu, akienda maili tatu kwa saa bila kupumzika, hutumia saa tisa kasoro. Kwa watu wa vijijini umbali wa shule ulipimwa kwa saa hizo tisa, nao wazazi wengi waliona ni nyingi mno kwa mtoto mdogo.

Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwili wake ulirudishwa Dar es Salaam, kisha ukaletwa kwa ndege mpaka Musoma, yapata kilomita 840 za hewani. Kutoka hapo hata Butiama, alikozikwa tarehe 23 Oktoba, ulichukuliwa kwa gari, kwa njia ya nchi kavu.