Ruta Iliyouliza Saa Kila Sekunde

Umeme ukikatika na kurudi, ruta yetu ya nyumbani huamka ikidhani ni Januari 1, 1970. Haina saa inayoendelea kutembea ikizimwa. Ikipata tu mtandao huuliza: saa ngapi? Seva fulani ya mbali huijibu, bure. Utaratibu huo unaitwa NTP. David Mills wa Marekani aliuandika mwaka 1985, enzi ambazo mashine za intaneti zilikuwa chache na wenye mashine walijuana.

Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa, huondoka. Kuna ruta ambazo hazikufundishwa hivyo.

Mei 2003, Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison kilianza kumiminiwa pakiti nyingi ajabu, zote zikielekea kwenye seva yake ya saa. Ilionekana kama shambulio. Wahandisi wakazifungia mlango, wakitumaini wavamizi watachoka. Juni zikafika 250,000 kwa sekunde.

Dave Plonka, mhandisi wa chuo hicho, alizifuatilia hadi zilikotoka. Hapakuwa na mvamizi. Zilikuwa ruta ndogo za majumbani za Netgear, aina nne, zilizotengenezwa zaidi ya 700,000. Ndani ya programu yake kulikuwa na anwani ya seva ya chuo, imeandikwa moja kwa moja, na chuo hakikuwa kimeombwa. Tena ruta isipojibiwa, iliuliza upya baada ya sekunde moja. Na tena. Na tena. Kumbe ule mlango uliofungwa ndio uliozidisha kelele! Na kuizima seva kusingesaidia, kwa sababu kilichozitia wazimu ni kimya.

Netgear ilitoa programu iliyorekebishwa, na baadaye ikakipa chuo dola 375,000. Lakini programu mpya huingia kwenye ruta mwenye nayo akiiweka, na nani huikumbuka ruta? Yetu ipo juu ya kabati la vyombo. Tangu fundi aifunge hakuna aliyeigusa.

Juzi nilipanda kiti, nikasoma nywila iliyobandikwa chini yake, nikafungua mipangilio. Saa yake inaiuliza pool.ntp.org, kundi la seva za watu wa kujitolea lililoanzishwa mwaka huohuo wa 2003. Nikachagua majira ya Nairobi, nikahifadhi. Ikaandika 20:40. Saa mbili na dakika arobaini usiku, sawasawa na simu yangu.