Nusu sekunde kati ya Doha na Mombasa

Korona ilipowafungia watu majumbani mwaka 2020, aliyefanyia kazi ghorofani West Bay, Doha, aliweza kujadiliana na wenzake wa Mombasa kwa intaneti bila taabu. Mwaka 2008 Kenya ingali ikitegemea setilaiti: sauti ilipanda karibu kilomita 36,000 angani, ikashuka, na jibu likafuata safari hiyohiyo. Kuchelewa karibu nusu sekunde kuliwafanya wazungumzaji wakatizane maneno, hata wakadhaniana kuwa na kiburi.

Mwaka 2009 kebo ya TEAMS, iliyolazwa chini ya bahari ya majahazi, iliiunganisha Mombasa na Fujairah. Leo, wasikilizaji, sauti ikikatika aghalabu kasoro imo chumbani, kwani zege hudhoofisha mawimbi. Iunganisheni kompyuta kwa waya kabla ya kulipia kasi zaidi.