Picha ya Ayuba wa Bondu

Tazama, msomaji, picha ya mtu mmoja wa Bondu, nchi iliyokuwa mashariki ya Senegali. Amevaa kanzu nyeupe na kilemba, na shingoni amening'iniza Kurani ndani ya mfuko mwekundu. Jina lake Ayuba Suleiman Diallo. Alichorwa na William Hoare huko Uingereza mwaka 1733, akiwa ametoka utumwani karibuni tu.

Ayuba alikuwa mwana wa mwanachuoni. Mwaka 1731 baba yake alimtuma mto Gambia akauze watu wawili na kununua karatasi. Naam, watu; tusilifiche jambo hili kwa sababu latuudhi. Aliposhindwa kupatana bei na nahodha Mwingereza, aliwabadili kwa ng'ombe ng'ambo ya mto. Njiani akakamatwa na maadui, wakamnyoa kichwa na ndevu, wakamwuza kwa nahodha yule yule. Akavushwa bahari mpaka Maryland, kwenye mashamba ya tumbaku. Huko alimwandikia baba yake barua kwa Kiarabu. Haikufika Bondu, ilifika London, ikasomwa na James Oglethorpe, naye akaahidi fedha za kumkomboa.

Waingereza walipotaka achorwe, Ayuba alikataa. Hatimaye aliridhia, lakini kwa mavazi ya kwao. Hoare akasema hawezi kuchora nguo asizopata kuziona. Ayuba akamwuliza, mbona wachoraji humchora Mungu, ambaye hakuna aliyemwona? Basi nguo hizo ndizo uzionazo. Mwaka 1734 alirudi kwao.

Miaka mia mbili na themanini baadaye, mwaka 2014, Omar Victor Diop, mpiga picha wa Dakar, alivaa mavazi kama yale, akajipiga picha kwa mfano wa ile ya Hoare. Alifanya vivyo hivyo kwa picha za Waafrika wengine waliochorwa Ulaya zamani, kama Juan de Pareja, ambaye Velázquez alimchora mwaka 1650 naye akiwa bado mtumwa wake. Ndani ya picha hizo za heshima Diop ametia vitu vya kandanda. Mimi nilipoziona mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Lakini yeye alikuwa akiwafikiri wachezaji wa Kiafrika walioko Ulaya, wanaoshangiliwa wafungapo bao, kisha wakatukanwa kwa rangi yao uwanjani humo humo.

Ama wale wawili waliobadiliwa kwa ng'ombe, hakuna aliyewachora, wala Diop hakuwa na picha yao ya kuiga.